Kadi Yenye Jina la Baba Mkwe

Jamani, leo nimepata aibu ya kunitosha mpaka Krismasi. Tena ukweni! Naandika uso bado unawaka moto. Someni taratibu, na atakayempelekea mke wangu kabla sijaongea naye, tutagombana.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi simu, Mshangano hapa Songea. Nina ule ubao wa umeme wenye magurudumu manne. Unasimama juu yake, unabonyeza rimoti, unaondoka. Niliuziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anajitolea huku, alipokuwa anarudi kwao. (Mtu mzima, nina watoto wawili. Najua. Endeleeni kusoma.)

Mwaka jana ubao ulinibwaga kwenye mteremko, nikavunjika mkono wiki ile ile ya kuvuna. Mahindi yangu yote akavuna baba mkwe, Mzee Komba wa Maposeni, katekista mstaafu, miaka sabini na mbili. Gunia kwa gunia, mgongo ukimsumbua. Alipomaliza nikamwahidi mbele ya mke wangu kwamba ubao basi, sitaupanda tena. Hakunihubiria. Alisema tu, "Nimekuamini, Baba Neema."

Nikauacha kweli. Miezi minne mizima! Halafu siku moja nikauwasha kidogo tu, kuona kama betri bado nzima. Nikapanda kidogo tu, kuona kama unabeba. Mota ikaungua.

Mota ya namna hiyo Songea hakuna. Nikaipata kwenye duka moja la mtandaoni, China. Shida ikawa kulipa. Kadi yangu ya benki ikakataliwa, nikaambiwa nijaze fomu ya kuruhusiwa manunuzi ya nje kisha nisubiri. Kutuma kutoka benki kwenda benki, makato yake peke yake unanunua mbuzi. Wakala wa kuagiza mizigo akataka nimlipe kwanza, halafu akawa hapokei simu. Mwisho nikakumbuka kwamba kwenye menyu ya pesa za simu unaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni. Inakupa namba zake, unalipia dunia nzima. Dakika tano, malipo yamepita! Nilijiona mjanja kuliko mkoa mzima wa Ruvuma.

Nilisahau jambo moja. Laini ile si ya jina langu. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, vidole vyangu vilikuwa vimebabuka kwa kuchomelea simu za watu, mashine ikavikataa mara nne. Mzee Komba akanisaidia. Akaweka kidole chake mara moja tu, ikapita. Kwa hiyo kadi imetoka na jina lake, na oda nimeiweka kwa jina langu.

Leo asubuhi nakuta ujumbe wa dukani. Majina hayafanani, oda imezuiwa. Mwenye kadi aonekane kwa simu ya video, ameshika kitambulisho, kabla hawajafunga ofisi. Wenzetu wametutangulia saa tano, kwa hiyo nilikuwa na kama saa mbili hivi.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaita bodaboda.

Njia nzima napanga uongo. Nikasema nitamkuta mzee peke yake, tutaingia ndani, dakika mbili, nimeondoka. Nafika uani, nakuta watu kama ishirini barazani, kwenye mikeka na viti. Leo ilikuwa zamu yake, jumuiya ya kanisa inasali kwake! Walikuwa wameshamaliza sala, wako kwenye chai na mihogo.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema kwa unyonge.

"Milele amina!" wakaitikia wote. Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Mama Leokadia, mwenyekiti wa jumuiya. (Akisema jambo Maposeni, Peramiho wanalisikia bila simu.)

Nikamwendea mzee, nikainama. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Kwema? Neema hajambo?"

"Hajambo, baba. Nina shida ndogo. Kuna kifaa nimeagiza, nimelipa kwa ile laini uliyonisajilia. Wanataka wakuone tu, wahakikishe jina."

"Kifaa cha kazi?"

"Cha kazi, baba."

Akasimama pale pale, wala hakuuliza la pili. Akaingia ndani, akachelewa kidogo. Alipotoka alikuwa amevaa koti la suti, lile la harusi yetu, na kitambulisho kimefutwa vumbi. "Wageni wasije wakatuona watu wa ovyo," akasema. Hapo ningeweza kusema ukweli. Sikusema!

Nikamwomba tuingie ndani. Akanikumbusha kwamba ndani mtandao haukamati, unakamata barazani tu. Barazani ndipo ilipokuwa jumuiya. Na simu yangu spika ya sikioni imekufa, nasikilizia kipaza sauti miezi mitatu sasa. (Fundi simu. Chekeni hapo, halafu basi.)

Nikapiga. Akatokea dada mmoja wa Kichina, mpole, anatabasamu. Mzee akasogea akaonekana paji la uso tu. Sasa mkwe kwetu unakaa naye mbali kidogo, una adabu, humgusi ovyo. Leo nilimshika Mzee Komba kidevu, nikamgeuzageuza uso kama mpiga picha za pasipoti, mbele ya jumuiya! Nikasikia wamama wanaguna.

Yule dada akasema kitu kwa Kichina kwenye simu nyingine. Akaisogeza kwenye kamera. Ikatoka sauti ya mashine ya kutafsiri, Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti kubwa kama tangazo la stendi:

"Habari mteja mzee. Tafadhali onesha kitambulisho."

Vikombe vikawekwa chini. Mzee akaonesha kitambulisho kwa heshima zote.

"Asante. Wewe unathibitisha kununua mota moja ya ubao wa kuteleza wa umeme, na magurudumu manne laini?"

Nilitafuta kitufe cha kupunguza sauti. Nikaongeza.

"UBAO WA KUTELEZA WA UMEME," mashine ikarudia. "Tafadhali jibu."

Mzee Komba akageuza shingo taratibu, akaniangalia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliniangalia vile mtu anavyoangalia shamba lililoingiliwa na ng'ombe. Nikatazama miguu yangu. Watu ishirini wananiangalia, wanamwangalia yeye. Nilijua akisema "huu si wangu, ni wa huyu" nimekwisha. Na nilijua nilipaswa kusema mwenyewe kabla yake.

"Ndiyo," mzee akasema. "Nathibitisha."

"Asante. Umri wako ni miaka sabini na mbili. Bidhaa hii ina kasi. Je, una uzoefu wa kupanda?"

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na chai.

"Nitajifunza," mzee akasema.

"Vizuri sana. Tunakushauri vaa kofia ngumu na kinga za magoti. Furahia mchezo wako."

Yule dada akapunga mkono, simu ikakatika. Mama Leokadia akapasuka. "Katekista! Wewe huyu? Ubao wa kuteleza?" Baraza zima likaangua kicheko. Mzee wa watu, aliyewafundisha nusu yao komunyo ya kwanza, amesimama katikati na koti la suti, kitambulisho mkononi, anachekwa. Kwa ajili yangu! Na mimi nimesimama pembeni yake nimefunga mdomo, najifanya nakagua simu.

"Chai inapoa," akasema tu. Akakaa.

Nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani. Nikajua sasa ndiyo nasemwa. Tukatembea, hasemi. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, nisamehe. Nimekudanganya, nikakuacha uchekwe."

Akautazama mkono wangu. "Ule mkono, kwenye baridi bado unauma?"

"Unauma kidogo, baba."

"Na mgongo wangu hivyo hivyo," akasema. Kisha akaniambia, "Nimesema mbele ya jumuiya kwamba ni wangu. Mimi sisemi uongo mbele ya jumuiya. Kwa hiyo mzigo ukifika utauleta hapa, na ubao wenyewe pia. Vitakaa chumbani kwangu."

"Ndiyo, baba."

"Na mke wako utamwambia mwenyewe. Leo."

Nikapanda bodaboda nimetota jasho, na jua lenyewe halikuwa kali. Jamani, ningetukanwa ningelala salama. Mzee wa watu ameamua kuchekwa badala yangu na bado akaniita mkwe wangu wakati wa kuagana.

Nikafika nyumbani nimeshapanga maneno. Naingia, mke wangu yuko kwenye simu, kipaza sauti wazi. Mama Leokadia! Anamwambia jumuiya imeanza kuchangishana kumnunulia katekista kofia ngumu, wengine wanataka waje kumwangalia siku ya kwanza atakayopanda, na je, kichwa cha baba ni saizi gani?

Mke wangu amekata simu. Ameketi mbele yangu, amekunja mikono, anasubiri. Nimemwambia anipe dakika chache, kuna ujumbe naandika. Naombeni mtu asinitumie vicheko hapa, maana simu ikilia sasa hivi ataichukua yeye.

Anasema nimeandika vya kutosha.