Nakwenda Mfangano Kuwa Mkwe

Jumatano, 7 Agosti

Niko soko la Kibuye, Kisumu, nyuma ya meza yangu ya mabegi. Winny amekuja tena! Wiki jana alinunua begi la mgongoni la kijani, nami nikamwambia, kama ninavyowaambia wateja wote, kwamba begi lile nimezunguka nalo mwenyewe kutoka Pap Onditi hadi Muhuru, kwa basi, feri na miguu, nikilala porini. Uongo wa biashara tu. Begi lilitoka kwenye robota la mitumba siku mbili kabla.

Ameamini kila neno. Amepewa likizo kazini kwake hospitalini na anakwenda kwao Mfangano, ila anataka kwenda kwa njia ndefu na begi mgongoni: basi hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, kulala chini ya milima ya Gwassi, kisha mashua hadi kisiwani. Baba yake anatungoja Jumapili. Anahitaji mtu anayezijua njia za huko. Nikasema kuzijua tu? Akauliza kama Dholuo, lugha ya kwao, naisikia. Nikasema nimeinyonya na maziwa ya mama.

Mimi, Zacchaeus Mbugua, Mkikuyu wa Othaya! Dholuo yangu ni ya sokoni. Najua kusalimu. Najua ber ni nzuri, na yie ni mashua. Basi.

Isitoshe, miaka minane Kisumu sijapanda chombo cha majini hata kimoja. Sijui kuogelea. Ziwa nalitazama kutoka barabarani. Lakini msichana akikupeleka kwa baba yake, maana yake ni moja. Nina miaka thelathini na saba. Mama ameacha hata kuniuliza lini. Winny nikimkosa, sidhani kama kuna mwingine atakayekuja mara mbili kwenye meza hii.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimechukua begi kubwa kuliko yote kibandani, linalomfikia mtu kisogoni. Msafiri halisi hujulikana kwa begi. Ndani: mto wa kulalia, magazeti ya zamani, na mitungi miwili mitupu ya lita tano. Mitungi huelea. Watu stendi walinipisha njia.

Balaa Kisian! Basi likasimama, akapanda mwanamume mmoja mabega mapana, akaketi karibu na Winny. Anaitwa Absalom. Wanafanya kazi pamoja, yeye yuko maabara. Winny akasema tu kwamba naye anakuja. Mtu mwenyewe hasemi. Kutoka Kisian hadi Bondo alitoa neno moja, nalo lilikuwa la kumwomba kondakta afunge dirisha. Nimetafakari sana, nikaona ni mbeba mizigo. Nikatulia kidogo.

Feri. Ina malori juu yake, lakini maji ni yale yale. Nilishika vyuma kwa mikono miwili, nikajifanya natazama ndege. Katikati ya ziwa Absalom akapigiwa simu. Uso ukamsawijika. Wakanong'onezana na Winny, wakanitazama. Absalom akaja, akavua kofia, akanizungumzia Dholuo ndefu ya heshima. Katikati nilisikia jagam. Mwishoni, iyie? Kichwa kilikuwa kinazunguka, nikadaka yie tu. Mashua! Kumbe anauliza nakionaje chombo. Nikajibu kwa sauti ili hata utingo asikie: Ee! Yie maber! Chombo kizuri!

Machozi yalimlengalenga. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Winny akageuka akajifuta uso. Tangu hapo wote wawili wananiita jagam. Sijui maana yake na siwezi kuuliza, kwa sababu nimeinyonya. Nadhani ni mtembezi mashuhuri.

Ijumaa, 9 Agosti

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Tumetembea tangu asubuhi chini ya milima ya Gwassi. Mawe, miiba, hakuna duka, hakuna mtu. Kila njia panda walinitazama mimi. Nilikuwa nainama, nagusa udongo, kisha nafuata mavi ya mbuzi. Mbuzi naye hutaka kufika nyumbani. Saa kumi tukafika ufuoni tukiwa hai. Nikawaambia wapumzike, nitangulie nichague mahali pa hema.

Nikapata majani mafupi, laini, kama yamefyekwa. Mama mmoja aliyekuwa anafua akanionyesha matete, akasema rao, rao, akipunga mkono. Mwanamke mkarimu! Nikampungia pia. Nikarudi nikawaambia wenyeji wametupa baraka zote.

Jua lilikuwa bado juu ya maji matete yalipofunguka, akatoka kiboko. Kumbe rao ndiye huyu! Mnyama mkubwa kama kibanda changu, na hasira yake mwenyewe. Majani yale yeye ndiye anayeyafyeka. Nilikimbia bila begi na bila Winny. Nayaandika yote mawili. Absalom ndiye aliyemshika Winny mkono, na begi langu akalirusha mgongoni kwake.

Amelibeba! Amejua ni jepesi! Tulipotulia kwenye kichaka alilishusha taratibu, mitungi ikagongana ndani, akanitazama. Nikangoja aibu yangu. Akanipa kiazi kitamu cha kuchemsha. Mtu wa hila kabisa. Ananiwekea kwa siku nyingine.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumevuka.

Asubuhi mashua ilijaa watu, magunia na godoro. Maji yalikuwa yamebakisha shubiri moja kuingia. Nilikuwa tayari nimeanza kusali kwa Kikuyu. Absalom akamwambia nahodha hatupandi, na huyu dada hapandi. Abiria walicheka. Nami nikacheka, tena kuwazidi, nikasema mimi nimevuka katika hali mbaya zaidi ya hii. Moyoni nilikuwa namshukuru Mungu. Tulikaa saa nne juani tukingoja mashua nyingine yenye makoti ya kuokolea. Nilivaa langu na mitungi nikaikumbatia. Nilisema ni ya maji ya kunywa. Mzee mmoja akaomba maji.

Lakini Mfangano! Kwa kina Winny nimepokewa kama askofu. Nimepewa kiti chenye kitambaa. Shangazi yake, Dorca, ameniletea kuku, na firigisi, ya mgeni wa heshima, iko kwenye sahani yangu. Absalom amekaa kwenye benchi karibu na mlango, hajapewa firigisi. Watoto wanachungulia dirishani wanasema jagam, jagam. Baba mtu, Mzee Opondo, ameniamkia kabla hajamwamkia yeye.

Nimeshinda. Kesho baada ya chai wazee wanaketi. Sijalala vizuri siku tatu kwa hofu na leo sitalala kwa raha. Nimeanza kutunga maneno ya kumposa Winny.

Jumapili, 11 Agosti

Asubuhi Dorca alinikuta nafua shati ufuoni. Nikamwambia kwa upole kwamba Kiswahili chake ni kitamu, hebu anieleze jagam kwa Kiswahili wangesemaje. Akafikiri. Akasema, kwa Kiswahili si ndiyo mshenga?

Mshenga wa nani?

Akacheka, akadhani natania. Wa Absalom, wa nani mwingine! Ami yake Okello ndiye angekuja, ameshikwa na malaria, akapiga simu wakiwa kwenye feri. Absalom akaniomba mimi, nami nikakubali kwa moyo mkunjufu, nikasema hata kukubali ni kuzuri. Kumbe kwao yie ni mashua na yie ni kukubali. Lugha gani hii!

Niliketi juu ya jiwe la kufulia. Niliumia. Sina neno lingine. Shati lilichukuliwa na maji na sikulifuata.

Kisha nikafikiri. Mshenga husikilizwa. Mshenga anaweza kujenga, na mshenga anaweza kubomoa! Nikavaa shati la jana, nikaingia.

Wazee watano. Winny nyuma na mama yake. Mzee Opondo akaniuliza, kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni, nimesafiri na huyu kijana siku tatu, nimemwonaje. Nikasimama. Nikasema sitawaficha. Kwanza, huyu mtu hasemi. Mke wake ataongea na ukuta. Wazee wakatikisa vichwa. Mama Winny akasema polepole kwamba mwanamume asiye na kelele si wa kutupa.

Nikasema ni bahili. Ana mashati mawili. Sokoni kuna chapati, yeye anakula viazi vya kwao. Wazee wakatazamana, mmoja akasema huyo atajenga.

Nikasema ni msiri! Anaweza kujua aibu yako na asiseme, hujui anafikiri nini. Nikatoa kubwa niliyoiweka mwisho. Ni mwoga. Jana alikataa mashua mbele ya watu, tukakaa juani saa nne, abiria wakamcheka. Mimi mwenyewe nilimcheka.

Mzee Opondo akatazama chini.

"Ndugu yangu hakukataa mashua kama hiyo," akasema. "Walikuwa kumi na saba. Tulizika nguo yake tu."

Kisha akaniinulia macho.

"Mimi nimeozesha binti tatu hapa. Jagam wote walikuja kusifu tu, mpaka unashangaa kama ni mtu ama ni malaika. Wewe ndiyo umesema ukweli. Huyo kijana nimempenda."

Wanawake wakapiga vigelegele. Absalom aliinuka akanikumbatia mbele ya wote, na akaniita ndugu. Winny alinishukuru. Alisema alijua tangu sokoni kwamba mimi ni mtu nisiyeweza kusema uongo. Nililia. Wote walidhani ni furaha.

Jumatano, 14 Agosti

Kibuye. Nimerudi kwa mashua moja nikiwa nimefumba macho, halafu basi hadi nyumbani. Winny hatakuja tena kwenye meza hii, ila labda na mumewe. Usiku wa juzi nilikaa kitandani nikaandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari: SITASEMA UONGO TENA KUHUSU SAFARI. Nimebandika ukutani karibu na kioo. Moyo ukatulia. Hata hamu ya chai ilirudi.

Leo saa nne kaja mwalimu mmoja wa kike, Naswa, wa upande wa Bungoma. Anatafuta begi la kupandia Mlima Elgon. Ana kicheko cha chini chini, na ana mwanya. Nilikuwa nimekusudia kutaja bei na kunyamaza. Nilinyamaza karibu dakika nzima.

Nimempa lile la rangi ya udongo. Nimemwambia nimelipandisha Elgon mara nne, mara moja kwenye mvua ya mawe. Akaniuliza urefu wa mlima haunitii kizunguzungu? Nimecheka sana. Mimi, ninayeshika ukuta nikipanda kigoda kushusha mabegi ya juu! Anasema kwao ni chini tu ya mlima na wazazi wake wanapenda wageni, ila Kiswahili hawajakizoea, huongea Kibukusu. Nimemtoa wasiwasi. Kibukusu hakinishindi, kinakaribiana na Kikuyu. Tunaondoka Jumamosi alfajiri.