Kamera Nzito na Nyumba ya Mbali

Jumatatu, 8 Julai 2024

Mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti Bujiku katangaza: Jumamosi malori ya mgodi yataanza kumwaga kifusi juu ya kijiji chetu cha zamani. Watu walipiga miayo. Tulihamishwa miaka ishirini na miwili iliyopita. Nani ana habari tena? Mimi. Ndani ya uzio wa mgodi nyumba yangu bado imesimama, kuta tatu za matofali ya kuchoma na mlango wa bluu alioupaka marehemu mke wangu, Klara. Binti yetu Suzana alizaliwa humo. Alitolewa akiwa na miaka miwili, sasa yuko Chato, wala rangi ya mlango haijui. Picha ya nyumba ile hatuna. Hata moja!

Nitaipiga mwenyewe. Nanunua kamera.

Jumanne, 9 Julai

Dume langu changa la ng'ombe limekwenda mnadani. Halikugeuka kunitazama.

Jirani yangu Scolastika anasema ninajisumbua bure. Valerian mpiga picha yuko hapo senta na kamera yake huona mbali. Valerian! Ndiye aliyenipiga picha ya kitambulisho cha waliohamishwa nikiwa nimefumba macho. Miaka ishirini na miwili serikali inanijua nimelala. Basi chukua simu yangu, akasema Scolastika. Nikamjibu simu ni ya kusemea.

Jumatano, 10 Julai

Geita mjini, dukani kwa Maduhu. Shikamoo guku, akaniamkia kama babu yake. Kisha maswali: nataka kupiga nini, kiko umbali gani, ni juani au ndani? Daktari huyu! Nikamwambia nilianza kuchagua ng'ombe kabla baba yake hajaoa. Alete nizione.

Akaleta mbili. Moja ndogo, ya kijivu, lenzi yake hutoka na kurudi kama shingo ya kobe. Akadai ndiyo inayosogeza cha mbali kikawa karibu. Ya pili nyeusi, nene, kifua kipana. Hiyo, alisema, ni ya harusini: inakusanya watu wengi walio karibu, lakini cha mbali inakipunguza.

Nikazipima mkononi. Nikafungua kijimlango cha betri kama unavyomfungua maksai kinywa ukimhesabu meno. Ile ndogo ina jicho la panya! Nyumba iliyo kilomita moja na nusu itaionaje? Maduhu akasema guku, kamera haichaguliwi kama ng'ombe, inachaguliwa kwa kazi yake. Na ng'ombe je? Nimechukua nyeusi. Shingo inaniuma kwa uzito wake. Dalili njema.

Alhamisi, 11 Julai

Umeme ulikatika betri ikiwa haijajaa. Nimesoma kijitabu cha maelekezo, kurasa sitini na nne, pamoja na maonyo.

Jioni Valerian alikuja mwenyewe. Alisikia habari. Alisema kesho twende wote, hataki malipo, picha ya nyumba mtu asiikose kwa ugomvi wa zamani. Akaitazama kamera yangu akasema kwa upole, mzee, hii itakupa uzio na anga tu. Nikamwambia nikihitaji kulala nitamwita. Akacheka kidogo, akaenda zake.

Nimeshinda!

Ijumaa, 12 Julai

Uzioni saa nane. Mlinzi, Chacha, akasema mgodi haupigwi picha. Nikamwonyesha nyumba kwa kidole, nikamweleza. Kisha akasema haya piga upesi, ila uanze na mimi, nimpelekee mama yangu kule Tarime. Akasimama wima kama mlingoti. Ametoka vizuri, hadi vifungo vinahesabika.

Halafu nyumba. Mara kumi na mbili! Kwenye kioo: uzio, anga, Chacha pembeni, na nyuma kabisa nukta, punje ya mtama. Nikasogea hadi waya ukanigusa pua. Nukta ileile. Kwa macho yangu haya ya miaka sabini na mitano niliuona mlango wa bluu. Kamera haikuuona.

Ilikuwa saa tisa, jua bado lipo. Kwa pikipiki, Valerian yuko dakika ishirini tu. Nilikaa juu ya jiwe nikakisoma kijitabu upya mpaka jua likazama.

Jumamosi, 13 Julai

Saa nne na robo kuta zilikuwepo. Saa nne na nusu hazikuwepo. Chacha alivua kofia. Vumbi lilifika hadi nyumbani, likatua kwenye ndoo za maji.

Jumatano, 17 Julai

Juzi nilisafisha picha iliyo bora nikamtumia Suzana kwa basi la Chato. Niliichorea mshale mwekundu kuelekea kwenye nukta, na barua ya kurasa mbili.

Leo amepiga simu. Ameshukuru sana. Kisha: baba, huyu mlinzi ni nani, ameoa? Nikamwambia afuate mshale. Halafu, kwa sauti ndogo, naiona baba, nyumba nzuri. Haioni. Mama yake naye alidanganya hivyohivyo, akishusha sauti.

Mchana kutwa nimetafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Karatasi! Ilikuwa ndogo mno. Kesho narudi Geita waisafishe upya kwenye karatasi kubwa kama meza. Mlango lazima utokee.