Ukurasa wa Herufi R

Jumapili, 5 Machi 1978

Nimeshindwa na kuku mgonjwa! Leo ilikuwa zamu ya herufi P, sebuleni kwa shemeji Rosalba, hapa hapa kambini Naguru. Mchezo ni ule aliouanzisha mumewe, Sajini Ochan, tulipoambiwa sote tujifunze Kiswahili sanifu. Rosalba anachagua neno gumu kwenye kamusi. Kila mmoja anaandika maana ya uongo. Anazichanganya na ile ya kweli, anazisoma zote. Ukiitambua ya kweli, pointi. Mtu akidanganyika na yako, pointi.

Neno: pangaboi. Nikaandika: kibarua wa kufyeka majani. Hakuna aliyeichagua. Zubairi, fundi wa magari, akaandika: ugonjwa wa kuku, huanzia shingoni. Sista Acayo akadanganyika, na yeye ni nesi! Na mimi nikadanganyika. Nilimkumbuka jogoo wa mama yangu. Kumbe pangaboi ni feni ya darini.

Sasa Zubairi ananipita pointi moja. Mshindi wa Pasaka anapewa mche mzima wa sabuni. Mimi, Tarcisio, mtunza stoo wa kambi, nafua mashati kwa majani ya mpapai. Nina rangi ya kijani kwenye kola.

Kiti cha Ochan hakikaliwi bado. Februari mwaka jana watu wenye miwani myeusi walimpandisha gari akiwa na malapa, hajarudi. Picha na karatasi zake zote nyumbani walizibeba siku hiyo hiyo. Basi. Mambo ya magari hayaandikwi.

Jumatatu, 6 Machi

Mpango! Jumapili ijayo ni zamu ya herufi R. Nimekwenda kwa Rosalba kurudisha chungio. Akaingia jikoni kuchemsha chai. Kamusi mezani. Ndani yake, katikati ya R, njiti ya kiberiti. Nikajiambia: Tarcisio, neno la Jumapili limelala hapo. Nikakohoa kwa nguvu na kuchana ukurasa. Rosalba akauliza kutoka jikoni kama nimemeza asali na ndimu kwa hicho kifua. Ana moyo mwema sana.

Jumanne, 7 Machi

Nimekariri ukurasa mzima. Robota, roda, roho, roshani. Robota ni mzigo uliofungwa pamoja. Roda ni gurudumu la kupitishia kamba. Ndiyo hiyo, naapa.

Pembeni kuna maandishi ya penseli, mwandiko wa Ochan. Ameliingiza jina la mkewe mahali pake, kabla ya roshani. "Rosalba: mwanamke anayeonja mchuzi mara tatu, kisha anauliza kama una chumvi." Halafu kuna maneno mengine machache. Hayo nimeyaruka. Hayawezi kuulizwa Jumapili.

Ukurasa nimeuficha stoo, katika robota la vocha za zamani, zile hati za kutolea vifaa. Ona, tayari nalitumia!

Jumatano, 8 Machi

Jalia amekuja kuchukua karatasi. Huyu ni muuza karanga wa soko la Kikuubo. Tuna mapatano yetu: mimi nampa vocha za zamani za kufungia, yeye ananipa karanga. Karatasi siku hizi ni adimu kuliko nyama. Nimempa robota moja, akanipa pakiti tatu. Karanga nzuri, zimekaangwa vizuri.

Jumatano, saa kumi jioni

Robota lile! Mungu wangu, robota lile!

Jumapili, 12 Machi

Sikulala vizuri siku nne. Lakini nilijifariji: ukurasa mmoja kati ya mia tano, nani ataukosa?

Rosalba aliukosa kabla ya kukaa. Alifungua kwenye njiti. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Akaivuta njiti, akaishika kiganjani. Akasema ukurasa ule ameusoma kila asubuhi tangu Februari ya mwaka jana, kabla ya kuwasha moto, na tangu Jumanne hauoni, akadhani macho yanamchezea. Akasema hapakuwa na kitu kingine nyumbani chenye mwandiko wa mkono wa Ochan. Hakulia. Afadhali angelia.

Kumbe njiti haikuwa ya mchezo.

Akatuuliza kwa upole kama kuna aliyeuona. Sista Acayo akasema hapana. Mimi nikaangalia dari. Zubairi akaangalia mikono yake, na kwa kuwa mikono ya Zubairi ina grisi daima, ilionekana kama ina hatia. Nilipaswa kusema. Nikakohoa tu. Mchezo ukavunjika, chai ikapoa. Nimejichukia njia nzima, na njia yenyewe ni hatua sitini.

Jumatatu, 13 Machi

Zubairi amempelekea Rosalba nusu kilo ya sukari. Nusu kilo! Ameitoa wapi? Majirani wanasema amesimama foleni tangu alfajiri ili kumpoza. Wapi! Anatafuta pointi.

Jumanne, 14 Machi

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa, nimekwenda Kikuubo. Msukumano, magunia, watu wanapigana vikumbo. Jalia akaniuliza kwa heshima, ssebo, bwana, unataka pakiti ngapi. Nikasema zote. Nikakaa juu ya gunia, nikafungua pakiti moja moja. Vocha ya buti. Vocha ya taa. Vocha ya buti. Watu wakasimama kunitazama. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini natafuta nini ndani ya karanga. Mtu mwenye miwani myeusi naye akapunguza mwendo. Nikaanza kula haraka haraka, kwa uso wa mtu anayependa karanga.

Pakiti arobaini na moja. Ukurasa haumo. Jalia akakumbuka: ile karatasi yenye maandishi madogo madogo? Bambi, masikini, amemfungia nayo dereva wa lori la kwenda Arua, Jumatano ile ile.

Basi. Ochan amepanda gari mara ya pili. Na safari hii mimi ndiye niliyempandisha. Nimeandika sentensi hii na sitaifuta.

Jumatano, 15 Machi

Tumbo. Karanga.

Ijumaa, 17 Machi

Mpango mpya, na huu ni wa huruma. Nitaandika upya ule ukingo wenye penseli tu, kama kipande kilichochanika! Mwandiko wa Ochan ninao: vocha za mwaka 1976, alizosaini kwa kila blanketi na kila jozi ya buti. Saini yake ina mkia mrefu, kama ya mtu asiye na haraka. Nimefanya mazoezi mchana kutwa. Nimepata karatasi nyembamba ya njano, nikaichana kama ukingo wa ukurasa, inafanana kabisa.

Shida ni yale maneno ya mwisho niliyoyaruka. Sentensi ya kwanza ninayo. Ya pili, hakuna kitu kichwani. Itabidi niitunge.

Nimekaa na penseli kwa muda wa saa tatu. Mara ya kwanza katika mchezo huu, sikufikiria pointi. Nilimfikiria Ochan. Alivyokuwa akichelewa kurudi kutoka zamu, na taa ya nyumba yake ikiwaka, na kivuli cha mkewe kimesimama mlangoni. Nikaandika: "Huonekana mlangoni, mume akichelewa." Nikafuta machozi kwa vocha.

Jumapili, 19 Machi

Nilimpelekea Rosalba ile karatasi kabla wengine hawajafika. Nikamwambia shemeji, nimeiokota sakafuni stoo, sijui imefikaje. Aliishika kwa mikono miwili. Uso wake ulifunguka. Naapa, ulifunguka! Kisha akafika sentensi ya pili.

Aliliacha birika likipiga kelele jikoni. Akasema Ochan hakuandika hivyo. Ochan alikuwa mtu wa mzaha, hakuwahi kujua kwamba mkewe husimama mlangoni, alidhani amelala. Alichoandika ni maneno mawili, kama kamusi inavyosema juu ya neno la umoja tu: "Hana wingi." Akasema maneno hayo anayo kichwani na hakuna wa kumwibia. Alichokuwa akitaka ni mkono wa Ochan tu, vile penseli yake ilivyobonyeza karatasi.

Nikaungama. Njiti, robota, karanga, lori, yote. Nilitarajia kupigwa chungio kichwani. Akanimiminia chai, akatia sukari ya Zubairi. Zubairi alipoingia, Rosalba alimwomba radhi mbele yangu kwa kumdhania mwizi. Niliona aibu mpaka masikioni.

Kisha Rosalba akafungua daftari la pointi. Akasema kwa dakika moja nzima aliamini, na sheria ya Ochan ni sheria. Akaniandikia pointi, na herufi R ikaishia hapo.

Jumatatu, 20 Machi

Nimetafakari sana usiku. Mtu hujifunza. Cha watu hakiguswi.

Pia: mimi na Zubairi sasa tuko sawasawa! Jumapili ni Pasaka, herufi S. Kamusi ipo mezani, na Rosalba bado huchemshia chai jikoni. Kuchana nimeacha kabisa, nimeapa mbele ya Bikira Maria. Nina wembe.

Jalia amepita leo. Nimempa vocha zote za Ochan za 1976, maana mazoezi yamekwisha na zinajaza meza bure. Akanifungia pakiti mbili pale pale. Moja nampelekea Rosalba jioni hii, apoe moyo. Jalia naye hajui kuchagua karatasi: hii ni vocha ya blanketi, saini yote imetokea nje, na ule mkia mrefu. Nitamwambia shemeji ale karanga, karatasi aitupe.