Asilimia Ishirini na Nne

Jumatano, tarehe 6 Machi
Mke wangu anarudi Jumapili. Miezi kumi na minne yuko mbali, anauguza wagonjwa wa watu. Siku anaondoka aliniomba jambo moja: nipunguze mafuta mwilini, anikute mzima. Nikaapa. Mwezi uliopita kwenye simu nikamwambia nimefika asilimia ishirini na nne. Sijui ilinitokaje.

Leo nimepanda mizani ya umeme ya duka la dawa, ile inayosoma uzito na asilimia ya mafuta. Thelathini na sita! Mwenye duka akasema mizani hiyo hupandisha ukiwa na kiu. Nikanywa chupa tatu za maji. Thelathini na sita, na kilo moja na nusu juu.

Alhamisi, tarehe 7
Zahanati. Muuguzi ana kibano: anakufinya tumbo, mgongo, nyuma ya mkono, halafu anapiga hesabu. Nikajikaza, nikabana pumzi. Akaniambia mafuta hayatishwi. Thelathini na tatu. Nikauliza kama hana kibano kidogo zaidi. Akaita anayefuata.

Gauni la mke wangu bado liko nyuma ya mlango. Sijaligusa tangu aondoke. Nimemkumbuka mpaka chakula hakipiti. Baadaye kikapita, sahani mbili.

Ijumaa, tarehe 8
Mjinga mimi. Fundi cherehani mzima nahangaika na vipimo vya watu! Kuna njia ya futi ya kamba: unapima shingo na kiuno, unasoma jedwali. Futi mpya ikatoa thelathini na mbili. Nikafukua ile kuukuu iliyovutika, niliyoiweka kando baada ya suruali ya bwana harusi kugoma kufunga. Ishirini na nne kamili.

Fundi jirani, anayejisifu ana kumi na tisa, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba nimwazime.

Jumapili, tarehe 10
Amerudi. Amekonda, uso umechoka. Nilisimama mlangoni na futi mkononi, kama ushahidi. Hakuitazama. Akanikumbatia.

Zamani viganja vyake vilikutana mgongoni kwangu. Leo nilisikia vidole vikitafutana, visionane. Akasema polepole kumbe nilimdanganya. Lakini hakuniachia. Nikalia, wala sioni haya kuandika. Akasema kesho tunaanza kutembea, wote wawili.

Sasa amejilaza, nami nimefikiri sana. Mikono yake imefupika huko alikokuwa, hakuna maelezo mengine. Kesho asubuhi nitamwomba anipime tena, na jioni tena. Kipimo kimoja hakitoshi.