Pikipiki Mbili za Ingénieur Mwenze

Mwenze alimwona Mama Talitha kabla mama mwenyewe hajajua kwamba ameonekana. Alikuwa mbele ya maduka ya pikipiki karibu na gare ya treni ya Kamina, mkoba ameubana kwapani, anauliza bei, anatikisa kichwa, anahamia duka la pili. Mtu anayebana mkoba namna ile hajabeba leso tu. Mwenze, ambaye mji mzima ulimwita Ingénieur ingawa hakuna shule iliyowahi kumpa hata cheti cha mahudhurio, alifunga kifungo cha shati akavuka barabara.

Baada ya dakika kumi alikuwa na habari zote. Mama alikuwa mke wa ajida wa jeshi, amehamia Base, kambi ya wanajeshi, mwezi uliopita, anauza samaki wakavu. Samaki wako Kabondo-Dianda, na njia ya huko ni mchanga, matope, halafu mchanga tena. Alihitaji pikipiki ndogo ya porini, na kilichomkosesha raha ni kuchagua: ya Chine ya bei nafuu, au ajikaze achukue ya Japon? Pesa ilikuwa ya likelemba, yaani upatu, zamu yake ya kupokea, na zamu nyingine ingemfikia baada ya mwaka mzima. Akikosea, biashara imekufa.

Mtu mwingine angemwonea huruma. Mwenze naye alimwonea, kwa muda uliotosha kumwambia kwamba ni Mungu aliyewakutanisha, kwa sababu yeye anazo zote mbili nyumbani, aje kesho ajionee.

Hapo hakusema uongo, na tumpe haki yake, maana hatutapata nafasi nyingine. Pikipiki mbili alikuwa nazo. Moja ilikuwa ya Chine, ya bei ya chini kabisa, ambayo alikuwa ameipaka rangi nyekundu, akaivisha matairi ya meno marefu na vibandiko vya Japon vilivyochapwa Lubumbashi. Ilipendeza sana ikiwa imesimama.

Ya pili ilikuwa ya Japon ya kweli. Aliinunua kwa Yav, dereva wa mradi wa chanjo uliofungwa Kabondo-Dianda, na ili ainunue aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake. Miaka yote aliuza vitu vya uongo. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza cha kweli kuwa mali yake, na alikipenda kwa moyo wote. Kila asubuhi aliiwasha asikie tu sauti yake. Shida ni binamu zake: wakijua una Japon, wataiazima mpaka ibaki usukani. Kwa hiyo akaipaka masizi na mafuta machafu, akabandika jina la Chine, akafunga kiti kwa mipira. Kipande cha kopo la maziwa ya unga, kilichofungwa kwa waya juu ya bomba la moshi, alikikuta hapohapo akakiacha. Kilimfurahisha kuliko vyote. Hakuna binamu anayeazima pikipiki yenye kopo la maziwa.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angezisimamisha zote mbili, ataje bei ndogo ya ile chafu na bei kubwa ya ile nyekundu, kisha aache aibu ifanye kazi. Mke wa ajida hawezi kurudi Base mbele ya majirani juu ya kopo.

Kesho yake Mama Talitha alikuja na katekista Kalonji, shahidi wake. Mwenze alikuwa amekwisha kununua vinywaji vya mashahidi kwa pesa yake mwenyewe. Desturi ile aliipenda kuliko Noeli: bei ambayo shahidi ameinywea haipandi, haishuki, na mwenye kitu hawezi kuirudisha wala mnunuzi kuikana. Ilikuwa imemlinda dhidi ya wateja wengi waliorudi wakilia.

Akaanza kusifu nyekundu. Alisifu injini, akasifu taa, akasifu Wajapani na adabu yao. Mama Talitha alisikiliza kwa heshima, halafu akauliza na ile yenye kopo iko bei gani.

"Ile?" Mwenze alicheka kwa huruma. "Dola mia sita, mama, na minyi nasikia haya kuomba hata hiyo. Hii nyekundu njo moto, pikipiki ya kweli. Elfu mbili na mia mbili."

"Bei njo hizo mbili? Hautazigeuza?"

"Hata kidogo. Papa Katekista, andika."

Katekista aliandika bei zote mbili kwa mwandiko wa ubatizo, akafungua sucré yake, soda tamu, akanywa. Mwenze akafungua bia, akanywa. Mama Talitha akanywa funda moja, akaweka chupa chini, akahesabu dola mia sita juu ya kiti kilichofungwa kwa mipira.

"Nabeba hii."

Mwenze aliweka bia chini upesi. Akasema injini ya ile imekufa. Mama akapiga kiki moja na ikawaka, kwa sababu Mwenze mwenyewe alikuwa ameisafisha kabureta kwa mkono wa mapenzi. Akasema itamwacha njiani, akasema ina bahati mbaya, akasema ataipunguza nyekundu mpaka elfu moja. Mwishowe, jasho likimtoka, akasogea na kusema kwa sauti ya chini jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, yaani ukweli.

"Mama, nisamehe. Ile ya kopo njo ya Japon."

Katekista aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Na hii nyekundu iko ya wapi?"

Mwenze aligeuza macho kwenye ua. Nyuma ya ua majirani walikuwa wamekusanyika, na wawili kati yao walikuwa binamu zake.

Mama Talitha alikunja karatasi akaitia mkobani. Kisha akapandisha pindo la kitenge kidogo tu, na kwenye shavu la mguu wa kulia kulikuwa na kovu la kuungua, linang'aa, la ukubwa wa kiganja.

"Miaka mbili nilipikia bale bantu ba chanjo, na nyuma ya hii pikipiki njo nilikuwa napanda. Bomba yake ya moshi iliniunguza. Kale kakopo, ni minyi nilikafunga. Yav aliniambia aliuzisha kwa Ingénieur mumoja wa Kamina." Akapanda, akashika usukani. "Siku tatu nilisimama pale ku gare, Papa, nangoya weye unione."

Akaondoka. Sauti ile nzuri ikashuka barabara ya mchanga, ikapinda, ikapotea upande wa Base.

Mwenze akairukia nyekundu amfuate. Alipiga kiki mara kumi na nne. Katekista Kalonji, ambaye sucré yake ilikuwa haijaisha, alizihesabu zote.