Kirusi Kilichonigombanisha na Dada Yangu

Kwa Mkuu wa Maabara ya Magonjwa ya Mimea,

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima kwenye kiti chako cha kuzunguka, maana nyanya zangu zimekauka zimesimama.

Mtaalamu wenu, yule mama wa darubini, alinieleza kwamba dawa ya shaba ilikuwa ikiua bakteria wa madoa ya majani vizuri tu, hadi kirusi kilipomwingia bakteria sugu, kikatoka na kipande cha kinasaba chake, chenye urithi wa usugu, na kumpelekea bakteria mnyonge. Sasa wote sugu. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kirusi hakina miguu, mdomo wala kibali, lakini kinagawa urithi kwa wasio ndugu. Sisi kugawana shamba la baba kulichukua miaka tisa na vikao visivyohesabika.

2. Mnakijua. Mmekipa hata jina refu. Mtu anayemjua mwizi kwa jina na asimshike, tumwiteje?

3. Bakteria sugu walikuwa kwenye banda langu la nyanya, wanyonge kwa dada yangu. Leo na wa kwake wamekuwa sugu. Dada ametia kufuli banda lake na kuniambia mbele ya wanawe, "Kaka, ugonjwa umeuleta wewe. Usinikanyagie hapa tena." Tumelima pamoja tangu baba afariki, sasa ananipita kama nguzo ya umeme. Inaniuma sana.

4. Badala ya kunitetea, mtaalamu alisema kirusi hakitembei kutoka banda hadi banda. Lazima kuna mtu aliyewakutanisha bakteria hao. Mtu gani? Aliyekuwa akiingia mabanda yote mawili ni mimi peke yangu, nami viatu nabadilisha na mikono naosha kwa sabuni.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri kwamba mkosaji ni kirusi, nikibandike juu ya kufuli la dada. Kirusi nacho kipewe barua ya onyo, nakala nipate.

Wasalimie wote hapo, hata mlinzi aliyeniandikisha kitabuni mara tatu kwa siku moja.

Wako mwenye hasira na adabu zake,
Mkulima wa banda la kwanza

N.B. Ndani ya bahasha mna kisu nilichokatia majani ya sampuli. Kirudisheni upesi, na tafadhali msikioshe. Ndicho ninachopunguzia vichipukizi, asubuhi kwangu, mchana kwa dada kabla hajatia kufuli, na marehemu baba alituusia kwamba maji huua makali. Hakijaguswa na tone tangu tumzike.