Skrini ya Dada Drusilla

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Nimeamua. Nitaweka skrini mbili.

Wazo lilinijia nikifagia, Bwana asifiwe. Ofisi yangu ya kupiga chapa hapa Mosocho ina kompyuta moja, meza moja na viti viwili, na kile cha pili hakikaliwi na mtu. Tangu mke wangu Bosibori alale katika Bwana, mwaka wa tatu sasa, nakipangusa kila asubuhi kana kwamba kuna mgeni njiani.

Dada Drusilla, karani wa kanisa letu, huja kila Alhamisi na programu ya Sabato. Mjane kama mimi. Husimama kaunta, ananisomea, namaliza, anasema barikiwa, ndugu, anakwenda zake nyumbani Birongo. Leo nimemwona akitoka kwa Ombati, yule mpiga chapa wa ng'ambo ya barabara. Ombati ana kochi. Yeye ni Mkatoliki, kwa hiyo Jumamosi mimi nikiwa kanisani yeye anakula wateja wangu. Hilo nilishamsamehe. La kochi bado naliombea.

Mpango ni huu. Skrini ya pili nitaielekeza upande wa mteja, ayaone maneno yakiandikwa. Ili ayaone, sharti aketi. Akiketi, mimi niko papo hapo mbele yake. Ni biashara tu.

Jumatano, 8 Septemba

Nimekwenda Kisii mjini, duka la vifaa vya ujenzi la Sanjay, mwana wa mzee Ratilal. Stoo, chini ya magunia, ilikuwepo skrini ambayo baba yake alitumia zamani kuhesabia misumari. Sanjay aliniuliza kama nataka kufugia kuku ndani yake. Akanionya kwamba ina rangi moja tu, kijani. Nikamjibu kanisa letu halipendi madoido. Amenipa, pamoja na ile kadi yake ya kuchomeka ndani ya kompyuta, kwa sharti nimpigie chapa mialiko ya harusi ya dada yake Nayna.

Niliposhuka Mosocho nimeibeba kichwani, Ombati alikuwa mlangoni, bila shaka.

"Baba Mokua, Mungu alikupa macho mawili, sasa umempa kila moja skrini yake?"

Nikamwombea.

Jumapili, 12 Septemba

Mwanangu Mokua amekuja kutoka Nairobi. Anafanya kazi chumba cha kompyuta katika chuo fulani, na nyumbani huja Krismasi tu, akikumbuka. Nilimpigia kutoka kibanda cha posta, nikamwambia jambo ni la uhai na mauti. Alifikiri ni mauti. Alipoona ni skrini, alitua begi, akatoa bisibisi.

Amekuja na diski ya kitu cha kuendesha kompyuta, kinaitwa Linux. Eti kimeandikwa na watu wa nchi mbalimbali wasiojuana, wakakigawa bure. Nikamwuliza ni dhehebu gani. Akasema tafadhali Baba, nishikie tochi.

Mchana wote ulikwisha. Kwanza skrini ya kijani ikawa giza. Kisha ikawaka, ya rangi ikawa giza. Kisha stima ikapotea Mosocho nzima, na Ombati akapiga kelele kutoka kwake kwamba ni mimi. Iliporudi, zote mbili ziliwaka. Lakini maneno yalitokea kwenye moja tu! Mimi nilitaka ziseme kitu kimoja, kama kwaya. Mokua akasema hizi si kioo na sura, kila skrini ina maisha yake. Akanitengenezea amri mbili fupi. Nikiandika "mbele", ninachopiga chapa kinatokea upande wa mteja. Nikiandika "nyuma", kinarudi kwangu. Pande zote mbili kwa pamoja, hapana.

Nikamwuliza: na kikiwa mbele, mimi nitaonaje? Akasema hutaona, Baba, itabidi mtu akae pale akusomee.

Nimepiga magoti pale pale. Mokua akadhani nimeanguka.

Alhamisi, 16 Septemba

Ameketi!

Nilikuwa nimeiweka "mbele" mapema. Dada Drusilla alipofika nikamweleza, kwa huzuni, kwamba mitambo mipya ina shida zake, maneno yanakimbilia upande ule. Akaweka mkoba kwenye paja, akavaa miwani. Nikapiga chapa kama kipofu. Yeye anasoma, mimi nasahihisha. Vidole vyangu vilikuwa vimesogea herufi moja, ikatoka "Dabato njema". Alicheka mpaka akavua miwani aifute. Sijasikia kicheko cha mwanamke ndani ya chumba hiki tangu kile cha Bosibori.

Kazi ya muda mfupi ilituchukua mpaka jua la saa kumi. Tulikunywa uji wa wimbi kutoka thermosi yangu. Akaniambia wasiwasi wake: binti yake Cynthia, mwalimu wa nasari, hana anayemtazama ila watoto wenye makamasi. Nikasema Bwana ana njia zake. Alipokuwa akitoka akauliza, "Na ukiwa peke yako, Baba Mokua, nani hukusomea?"

Nikasema hakuna. Ni kweli, na si habari ya skrini pekee.

Alhamisi, 23 Septemba

Pigo. Dada Drusilla amekwenda Magwagwa kumsaidia kaka yake kuchuma chai, amemtuma Cynthia. Msichana mwenye adabu, sina neno naye. Sikuwa na haja ya hila, nikaandika "nyuma". Maneno yakabaki mbele. Nikaandika tena kwa nguvu. Yakabaki. Mungu hadhihakiwi: nilidanganya imeharibika, sasa imeharibika.

Cynthia amesoma vizuri kuliko mama yake, wala hakunichekesha hata mara moja. Nimempigia Mokua.

Jumapili, 26 Septemba

Mokua amekuja. Cynthia naye akapita, eti aliacha mwavuli. Sikuuona mwavuli. Mokua akasema kazi hii inahitaji mtu wa kusoma upande ule wakati yeye anajaribu upande huu, na mimi macho yangu ni ya uzee. Nikatolewa nje na kigoda changu.

Nilikaa barazani na thermosi. Ombati akaja akakaa nami, akaniuliza ukarabati gani huu wenye kucheka namna hiyo. Nikamwambia Linux ni mfumo wenye furaha.

Jumapili, 10 Oktoba

Imeharibika tena, kwa mara ya tatu, na naapa, ingawa tumekatazwa kuapa, sijaigusa. Kila Mokua akiitengeneza inakaa wiki nzima bila neno, halafu Jumapili inayofuata, yeye akiwa ndani ya chumba, inaharibika. Amesema ni kawaida ya kadi kuukuu. Cynthia amesema hata yeye ameona.

Silalamiki. Mwanangu wa Krismasi sasa anakuja kila wiki na mkate wa mjini. Anakula kwangu chakula cha mchana, ananiuliza naendeleaje. Mpango wangu una matunda ambayo hata sikuyapanda.

Ila Alhamisi, Dada Drusilla anasimama kaunta tena. Mokua ameifanya "nyuma" ifanye kazi sawasawa siku za wiki, na Mama Cynthia si mtu wa kudanganywa mara mbili.

Jumatano, 3 Novemba

Nimefunga na kuomba. Kesho nitamwambia. Kwa mdomo siwezi, mdomo wangu hukauka. Nitaiweka "mbele" na niandike sentensi moja tu, itokee kwenye skrini yake. Nimeifanyia mazoezi nikiwa nimefumba macho ili vidole visisogee. Nimenyoa.

Alhamisi, 4 Novemba

Alikuja amefunga kitambaa cha buluu cha Sabato, ingawa ni Alhamisi. Hakusimama kaunta. Aliingia, akavuta kile kiti mwenyewe, akaketi kiubavu, mkoba kwenye paja, mwavuli mezani, akitazama mlango. Hakuwa na programu.

Nikasema moyoni, Bwana, umetangulia. Nikaandika "mbele". Nikaandika: Dada Drusilla, hiki kiti ni chako hata siku isiyo na programu.

Sikuinua macho. Akaanza kusema.

"Baba Mokua, nimekuja kabla ya wazee. Kijana wako amezungumza na Cynthia, na Cynthia amekubali. Nimeuliza, koo zetu haziingiliani. Wiki ijayo wazee wenu watakuja kwangu. Nilitaka nisikie kutoka kwako kwamba umefurahi, tukiwa bado tumekaa hivi. Baada ya hapo hatutakaa hivi tena."

Ni kweli. Sisi Abagusii tuna heshima ya wakwe, chinsoni. Wazazi wa mume na wa mke hawaketi kutazamana wakipiga soga na kunywa uji. Na kuoana, hilo halitajwi hata kwa mzaha.

Nilisema nimefurahi. Nilisema mara mbili. Nikatafuta zile herufi za "nyuma" kwa vidole, nikazikosa, nikazitafuta tena.

Alisimama. Akageuka kuchukua mwavuli wake, uso kwa uso na ile skrini ya kijani. Akavaa miwani. Alisimama pale muda mrefu kuliko sentensi moja inavyohitaji. Kisha akavua miwani, akaikunja polepole.

"Futa hiyo, Baba Mokua," akasema. "Wazee wasije wakaikuta."

Mlangoni akasema barikiwa. Hakuongeza ndugu.

Ijumaa, 5 Novemba

Nimefunga ofisi mapema, kabla jua halijazama. Sina la kuandika.

Jumapili, 5 Desemba

Wazee wamekwenda, wamerudi, wameelewana. Mokua amenikumbatia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya mama yake. Skrini haijaharibika tena tangu hapo. Ni ajabu. Anakuja bado, lakini anapita kwangu dakika chache, akielekea Birongo kwa Cynthia.

Alhamisi, programu ya kanisa huletwa na mzee Jethro, shemasi. Anasoma kwa kunong'ona na ananusa kila kitu.

Sasa nisikilize, shajara yangu. Harusi ni Aprili. Programu ya harusi lazima wazazi wa pande zote wahakikishe majina, na hapo ndipo nilipoona mwanga. Chinsoni inakataza kuketi kutazamana. Haijasema lolote kuhusu ukuta. Chumba cha stoo, kilicho ubavuni mwa ofisi, kina mlango wake wa nje na dirisha dogo. Waya utapita juu ya ukuta. Mimi nitapiga chapa huku, yeye atasoma kule kwa sauti, na heshima itakuwa katikati yetu kama mwashi alivyoijenga.

Mokua amesema kompyuta haitakubali skrini ya tatu. Nimemkumbusha nani alimtafutia mke. Ombati amecheka, halafu ameuliza kama waya utafika hadi kwake.

Kesho nakwenda kwa Sanjay. Nasikia chini ya magunia kuna nyingine. Kiti nimeshakihamishia stoo, na nimekipangusa.